Kihisi Kilichopanda Boda

Nina vihisi vitatu vya kupima vumbi la hewani hapa Busia, mpakani mwa Uganda na Kenya. Kimoja kiko juu ya paa la nyumbani, kingine dukani kwa dada, cha tatu karibu na mpaka, pale malori yanapopanga foleni injini zikinguruma. Kila dakika tano vinatuma namba kwa mawimbi ya redio. Mitaa iliyo katikati yao havijui lolote, na pesa ya kununua vingine kumi sina.

Basi nikamwendea mjomba. Ni mtu wa bodaboda, na sisi wa Busia hatuchoki kuwakumbusha wageni kwamba neno hilo lilizaliwa hapa, enzi za baiskeli zilizovusha abiria kutoka boda, yaani mpaka, hadi boda. Kihisi cha nne tukakitia kwenye kopo la siagi pamoja na GPS ya kuonyesha kilipo, tukakifunga nyuma ya kiti kwa mpira wa tyubu, tundu likitazama nyuma ili upepo usisumbue feni yake ndogo.

Usiku nikapiga hesabu. Tuseme kihisi kinasema kweli kwa mita 50 kila upande. Kikikaa, kinaangalia mita za mraba 7,850 basi. Kikienda kilomita 20 kwa saa bila kurudia njia, saa moja kinafagia kilomita 2 za mraba. Nilicheka peke yangu. Kisha nikaona upande wa pili: kila kinapopita, kinapaona kwa sekunde 18 tu. Chagua nukta yoyote ya siku, eneo kinaloliona ni dogo vilevile. Moshi wa malori, ambao upo kila siku, utaupata kidogo kidogo. Anayechoma takataka saa tano usiku, mjomba kalala, humpati ng'o.

Ramani ya wiki ya kwanza ilikuja na doa jekundu, kila siku saa saba mchana, mahali palepale. Nikadhani nimegundua jambo. Kwenda, namkuta mjomba kaegesha chini ya mwembe stejini, kopo langu limeelekea sigiri ya muuza rolex, ile chapati ya mayai, hatua mbili tu. Mama anapepea makaa, namba kwenye simu yangu zinapaa.

Nyuma ya yadi ya malori, nilikopataka hasa, ramani nyeupe.

"Mjomba, kule hujapita hata mara moja."

"Mpwa wangu, kule kuna mteja gani?"

Kwenye makala za wataalamu, vihisi vyenye magurudumu husukumana kama sumaku za ncha moja mpaka vitapakae sawasawa. Mjomba hasukumwi na sumaku. AirQo, mradi wa kupima hewa wa Chuo Kikuu cha Makerere, nao wamewahi kufunga vihisi kwenye boda, lakini vya kusimama hawakuviacha, na sasa naelewa.

Tumeafikiana shilingi 2,000 kwa siku, apite yadi asubuhi na jioni. Jana alipita asubuhi tu. Jioni, anasema, mvua. Sikubisha sana, maana kihisi hiki kikikutana na ukungu husoma vumbi.