Roboti zetu za sumo: Kaa, Pweza, Taa na huyu wa sasa

Vijana wapya wa kidato cha kwanza wameniuliza kwa nini roboti zetu zinazidi kuwa bapa kila mwaka, na kwa nini vitu vilivyofungwa juu yake vinazidi kupungua. Wakati nilipoanza klabu hii tuliamini kinyume kabisa, kwa hiyo naandika hapa tulivyobadilika.

Kanuni kwanza, kwa asiyezijua. Sumo ni pambano la roboti mbili zinazosukumana. Katika sumo ndogo roboti haizidi gramu 500, na inatakiwa itoshe katika mraba wa sm 10 kwa sm 10. Kwenda juu ni hiari yako. Uwanja ni duara jeusi lenye kipenyo cha sm 77 na ukingo mweupe. Ukishawasha, roboti inangoja sekunde 5, kisha inajitegemea. Hakuna rimoti. Anayesukumwa nje ameshindwa.

Kaa alikuwa wa kwanza: fremu ya plaiwudi, mota za njano za plastiki, bodi ya Arduino Uno, yaani ubongo wa roboti, na saketi ya L298N ya kuendesha mota. Vifaa vilitoka Luthuli Avenue, Nairobi, vikaja na basi la usiku. L298N ni rahisi kwa bei, ndiyo maana timu nyingi huanza nayo, lakini inakula karibu volti 2 kabla umeme haujafika kwenye mota. Betri nne za tochi zinatoa volti 6, ukitoa hizo mbili unabaki na mota za kupigia picha tu, si za kusukuma. Sina mengi ya kusema juu ya Kaa. Alikwenda mbele, alirudi nyuma.

Pweza ndiye aliyetufundisha. Tulimfunga sensa za sauti HC-SR04 tatu, kushoto, kulia na mbele, tukidhani anayeona kila upande hashindwi. Sensa hiyo hutoa mlio usiosikika na kungoja mwangwi. Mpinzani akiwa karibu, jibu linarudi haraka sana. Asipokuwepo, sensa hungoja takriban milisekunde 38 ndipo ikate tamaa. Ukiziuliza tatu kwa zamu, zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde imekwenda. Roboti inayokimbia mita 1 kwa sekunde imeshasogea sm 10, yaani mwili wake mzima, na Pweza bado anasikiliza! Tena wapinzani wenye uso ulioinama walikuwa wakiirusha sauti juu, kwenye paa la ukumbi, na kwa Pweza ikawa kama hakuna mtu. Tukahamia sensa za infraredi, zinazotumia mwanga usioonekana kwa macho na hujibu upesi, ila jua la alasiri likipenya dirishani huzichanganya. Siku hizi tukifika ukumbini tunatazama kwanza madirisha yako upande gani.

Kisha akaja Taa (yule samaki bapa, si taa ya umeme), na hapo hesabu ya fizikia ikaanza kuwa na maana. Nguvu ya kusukuma haiwezi kupita mshiko wa magurudumu sakafuni, na mshiko unategemea uzito ulio juu ya magurudumu hayo. Wote tuna gramu 500. Utapata wapi ziada? Kwa mpinzani mwenyewe. Bamba jembamba la chuma mbele, likigusa uwanja bila kuukwaruza, linapenya chini yake na kumnyanyua kidogo. Sehemu ya uzito wake inahamia kwako, naye magurudumu yake yanazunguka bure. Fundi mmoja wa jua kali huko Makupa, Mombasa, alitukatia bamba hilo, akalinoa kwa jiwe, akatuambia, "Wanangu, hiki kisiguswe na mtoto." Hewa yetu ya chumvi ikaanza kulitia bamba kutu mapema, kwa hiyo sasa tunalifuta kwa kitambaa chenye mafuta ya cherehani, mbali na magurudumu. Magurudumu ya silikoni nayo yanaviringishwa juu ya gundi ya selotepu kabla ya kila pambano, maana vumbi likiyaganda bamba zuri halikusaidii kitu.

Fremu ya Taa tuliichapa kwa printa ya 3D, kwa plastiki ya PLA. Plastiki hii hulainika ikikaribia nyuzi 60, na gari lililoegeshwa juani Mombasa halikopeshi: fremu ya kwanza ilitoka imepinda. Unyevu ni adui mwingine. Uzi wa PLA hunyonya maji hewani, ukiuchapa unasikia ukipasukapasuka na kazi inatoka na nywele. Tunauhifadhi kwenye ndoo yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vifuko vya silika vya kunyonya unyevu.

Huyu wa sasa bado hana jina. Ana sensa mbili tu za mbele, mbili za kuona ukingo mweupe, mota ndogo za gia za chuma, na TB6612 badala ya L298N, kwa sababu inapoteza umeme kidogo sana. Tatizo ni mizani: inasoma gramu 512. Nahodha anataka bamba lipunguzwe. Mimi nakataa, uzito wa mbele ndio unaozuia pua isinyanyuliwe. Napendekeza tutoboe fremu upande wa nyuma na kufupisha nyaya, ambazo ni ndefu bila sababu. Kabla ya kukata chochote, Jumamosi tutapima kila kipande peke yake.