b ndogo na B kubwa: nilivyookoa picha za studio ya zamani hapa Lindi

Msimu wa korosho uliopita alikuja mama mmoja hapa ninapotengenezea kompyuta, Lindi mjini, katokea Nachingwea na kompyuta ya mezani kaifunga kwa kanga mbili. Nikamwamkia, akakaa, akanieleza. Marehemu mumewe alikuwa na studio ya picha, na mle ndani mna harusi za watu, watoto waliotoka jandoni, wali waliotoka unyagoni, yani picha za miaka na miaka za watu wa kule. "Mwanangu hizi hazipo pengine popote, nitolee uniwekee kwenye flashi, nina gari la saa tisa."

Nikaiwasha, Pentium III, Windows 98, ikawaka. Picha zilikuwa kama GB 9, yani megabaiti (MB) 9000. Windows 98 haiitambui flashi hivi hivi mpaka uiwekee draiva, nikaiwekea kwa CD. Tundu lake la USB ni lile la zamani, 1.1, spidi yake imeandikwa 12 Mb/s. Mimi nikapiga hesabu ya haraka, 9000 gawanya kwa 12 unapata sekunde 750, hazifiki hata dakika 13, nikamwambia mama nipe nusu saa tu utawahi gari.

Nusu saa ikapita hata robo haijafika. Saa nzima. Mama ananiangalia, mimi naangalia kile kimstari kinavyojisogeza, ilipofika saa moja na nusu umeme ukakatika na kila kitu kikazima. Gari la saa tisa likaondoka, akalala kwa mtoto wa dada yake pale Rahaleo. Iliniuma kweli, sio kwa sababu ya kazi tu, diski ya umri ule kuzimika ghafla ikiwa inazunguka ni hatari, ingeweza isiamke tena na picha zote zikaenda.

Usiku nikachukua daftari nikaanza upya taratibu. Kosa lilikuwa kwenye herufi moja. Ile b ndogo ni biti, B kubwa ni baiti, na baiti moja ni biti 8, kwahiyo 12 Mb/s ni megabaiti 1.5 tu kwa sekunde. GB 9 kwa spidi hiyo ni sekunde 6000, saa 1 na dakika 40, na hapo ni kwenye karatasi maana USB yenyewe inakula sehemu ya njia kwa mawasiliano yake, mimi nilikuwa napata kama megabaiti moja, maana yake saa mbili na nusu. Mama wa watu nimemwambia nusu saa!

Tangu siku hiyo kila namba naishusha kwanza kwenye megabaiti kwa sekunde ndo nazilinganisha, alafu naangalia ipi ndogo kuliko zote kwenye njia nzima kwa sababu hiyo ndo itakayoamua. Diski yenyewe ilikuwa ya IDE, yani ile njia ya zamani ya kuunga diski na kompyuta, toleo la ATA/66, hiyo 66 tayari ni megabaiti usiigawe tena kwa 8 (na ili ifike huko inataka ule waya mpana wa nyuzi 80, wa nyuzi 40 unaishia 33). USB 2.0 ya laptopu yangu ni megabiti 480, gawa kwa 8 unapata 60. SATA, njia ya kuunga diski iliyokuja baada ya IDE, ndo inachanganya zaidi, ile ya kwanza ni gigabiti 1.5 ukigawa kwa 8 unapata 187.5 lakini ukweli ni 150, kwasababu kila biti 8 zinasafirishwa kama biti 10, kwahiyo pale unagawa kwa 10. Na zote hizo ni spidi za waya, sahani ya diski ya zamani inavyozunguka haifiki huko.

Asubuhi nikafungua kasha, nikaichomoa ile diski, nikaipulizia vumbi, nikaiweka jampa (kile kipini kidogo cha nyuma) kwenye masta, yani diski kuu, nikaichomeka kwenye adapta ya IDE kwenda USB yenye pawa yake, nikaunga na laptopu ambayo ina betri hata umeme ukikatika haishtuki. Nikaweka kiganja juu yake nikasikia inatetemeka sawasawa bila kugonga, nikashusha pumzi. Ikawa inatoa megabaiti 20 hivi kwa sekunde, 9000 kwa 20 ni sekunde 450, nikamwambia mama robo saa maana mafaili madogo madogo yanachelewesha. Ilichukua dakika 12.

Akatoa na flopi, zile diski nyembamba za zamani za kuchomeka, kwenye mkoba, 14, zina orodha za wateja. Hizi nazo zina mambo yake. Flopi ya MB 1.44 inaandikwa kilobiti 500 kwa sekunde, ukigawa ni kilobaiti 62.5, lakini inazunguka mara 5 kwa sekunde na kila mzunguko unatoa sekta (vipande) 18 za baiti 512, hiyo ni baiti 46,080 tu kwa sekunde, nyingine zinaliwa na nafasi za kati ya sekta. Duara zake 160 za data, kila moja mzunguko mmoja, ni sekunde 32 kwa flopi ikisomeka bila kurudia, na hata hiyo 1.44 yenyewe ni baiti 1440 mara 1024, sio milioni 1.44 kamili. Nikamwambia mama hizi pamoja na kuzibadilisha dakika 15, ukitaka kanywe chai.

Akaenda. Aliporudi nilikuwa nimebakiwa na moja, ilisoma kwa shida lakini ikasoma. Nikamfungulia picha kwenye laptopu, akaangalia ya mtoto kavikwa kanzu nyeupe kasimama mbele ya pazia la bluu la studio, akasema "huyu sa hizi ana watoto wake". Saa tano alikuwa ndani ya gari, flashi kaifunga kwenye pindo la kanga na nakala nyingine ninayo mimi.