Ukirudi Mwanza, usiulize gari linaondoka saa ngapi

Mtu aliyekaa ughaibuni anatambulika stendi kwa swali moja: "Gari linaondoka saa ngapi?" Konda wa haisi ya Kisesa atamjibu "Sasa hivi mama, panda," naye kwa hesabu zake anasema kweli. Sasa hivi yake haipimwi kwa saa, inapimwa kwa viti. Vikibaki vitatu, sasa hivi imekaribia. Vikibaki kumi, nunua karanga.

Kwa hiyo jifunze kuhesabu vichwa kabla ya kupanda. Ukikuta haisi mbili za ruti moja zimepangana, ya mbele ndiyo yenye zamu. Ya nyuma haitaondoka kabla yake hata ikiwa na redio nzuri zaidi. Angalia pia waliokaa ndani ni akina nani. Wapiga debe wana mtindo wa kukalisha vijana wao ili gari lionekane limejaa, na ukishaketi wanashuka mmoja mmoja. Mwenye mzigo mapajani ni abiria. Asiye na mfuko wala simu mkononi, anayecheka na konda, mtilie shaka.

Mambo mengi yanayomkera mtu aliyezoea mabasi ya ratiba yanatokana na neno moja, hesabu. Ni fedha ambayo dereva anampelekea tajiri, yaani mwenye gari, kila jioni, liwe jua, iwe mvua. Fanya nasi mahesabu ya mfano. Katika nauli zilizotangazwa na LATRA, mamlaka ya kudhibiti usafiri wa ardhini, Desemba 2023, safari ya daladala isiyozidi kilomita 10 ilipangwa kuwa shilingi 600. Haisi yenye viti 16 ikijaa inaingiza 9,600 kwa safari moja. Tuseme lita moja ya mafuta ya karibu shilingi 3,000 inakwenda kwa hizo kilomita 10, na 600 nyingine inaishia kwa wapiga debe na ushuru. Zinabaki 6,000. Kama tajiri anataka 60,000 kwa siku, hizo ni safari kumi zilizojaa kabla dereva na konda hawajapata hata chai. Sasa ondoa gari likiwa nusu: abiria wanane ni 4,800, toa zile 3,600, zinabaki 1,200. Kwa mwendo huo zingehitajika safari hamsini. Ndiyo maana haisi inasubiri ijae, na anayepiga kelele dirishani kwamba amechelewa kazini anabishana na kujumlisha na kutoa.

Angalia na saa. Safari moja, pamoja na kujaza, ni kama saa nzima. Aliyeanza saa 12 asubuhi anamaliza hesabu ya tajiri kama saa 10 jioni, na kinachopatikana baada ya hapo ni chake. Mwendo wa jioni unavyobadilika barabara ya Nyerere, kupitana kulia na kushoto, kusimama katikati ya lami kwa ajili ya mtu mmoja, sababu yake hiyo. Ukipata deiwaka, yaani dereva wa kushikiziwa kwa siku moja, mambo huzidi, kwa sababu gari si lake na kesho hatakuwepo kuulizwa.

Nauli moja kwa kilomita 10 za mwanzo ina matokeo ambayo mgeni hayaoni haraka. Anayetoka mjini akashukia Mabatini analipa sawa na anayefika mbali zaidi, halafu anaacha kiti kinachouzwa mara ya pili. Abiria wa karibu anapendwa. Wa mwisho wa ruti anabeba kiti njia nzima. Hapo ndipo kunapozaliwa kukatisha ruti: gari limeandikwa Kisesa, lakini likifika Igoma saa za jioni konda anagonga bodi na kutangaza mwisho wa safari, kisha linageuza kurudi mjini kuchukua kundi jingine. Usishuke kimya. Ukiwa bado mlangoni, mwambie akufaulishe: akukabidhi kwa konda wa gari linaloendelea na amlipe yeye, au akurudishie sehemu ya nauli. Ukishakanyaga chini umepoteza nguvu, maana gari limeshaondoka. Dawa nyingine ni kuuliza kabla ya kulipa, "Unafika mwisho?" na kusikiliza kwa makini. "Tunafika" ni jibu. "Panda tu" si jibu.

Mwanafunzi naye anaumizwa na hesabu hiyo hiyo. Nauli yake ya 200 ni theluthi ya mtu mzima, kwa hiyo watoto watatu wenye sare ni sawa na abiria mmoja. Utaona asubuhi konda anawazuia mlangoni kwa mkono, kisha anaruhusu wawili wasimame. Ni kinyume cha taratibu na inaudhi, lakini kumtukana konda hakujazi pengo la 400. Pengo hilo lingejazwa na mfuko wa umma, na haisi haina mfuko wa umma nyuma yake.

Kwa waliozoea Marekani, tofauti iko hapo. Chukua Des Moines, mji wa wastani katika jimbo la Iowa. Shirika lake la mabasi linaitwa DART, kifupi kile kile cha wakala wa mabasi yaendayo haraka wa Dar es Salaam (na Dallas nao wana DART yao, kwa hiyo ukisikia mtu anaisifu, muulize ya wapi). Kule nauli hulipia sehemu ndogo tu ya gharama, kubwa inatoka kwenye kodi. Basi linaweza kuondoka na abiria wawili saa 2:14 kamili na dereva akalala usingizi wake. Mwanza nauli ndiyo mafuta, ndiyo tairi, ndiyo mshahara wa konda, ndiyo ada ya shule ya mtoto wa tajiri.

Ramani ya mji ni rahisi kwa sababu mawe na ziwa vimekataa njia nyingi. Barabara ya Kenyatta inakwenda kusini: Mkuyuni, Butimba, Nyegezi, Mkolani, Buhongwa hadi Usagara. Nyerere inakwenda mashariki: Mabatini, Nyakato, Igoma, Kisesa. Makongoro inapanda kaskazini kwa Kirumba na Pasiansi hadi uwanja wa ndege, na mbele yake Igombe. Lori likiharibika Mkuyuni, kusini yote inasimama. Ukiwa upande wa uwanja wa ndege na unakwenda Buswelu, usijipeleke mjini bila sababu: kuna lami ya Sabasaba, Kiseke hadi Buswelu, na bajaji za kuchangia zinaitumia. Katika bajaji ya kuchangia taja kituo na bei kabla ya kukaa. Ukipanda kimya, wanahesabu umekodi.

Halafu saa. Simu yako ikionyesha 7:00, mtu wa Mwanza anasema saa moja. Kila mtu analijua hilo, na bado kila mwaka kuna aliyerudi anayekata tiketi ya "saa 11" akafika stendi kabla ya usiku wa manane, gari lake likiwa la alfajiri.

Sasa jambo zito zaidi. Wengi hatuji peke yetu. Tunakuja kumwangalia mzazi aliyepata kiharusi, au sisi wenyewe tunarudi na kiti cha magurudumu. Marekani sheria ya 1990 ya watu wenye ulemavu inalazimisha kila shirika la umma lenye mabasi ya ruti kuwa na huduma ya pembeni: gari dogo lenye lifti au ngazi mteremko linalomfuata asiyeweza kutumia basi la kawaida. Linahudumia robo tatu ya maili kila upande wa ruti, kwa siku na saa zile zile za basi. Ukipiga simu leo unachukuliwa kesho, na nauli haizidi mara mbili ya ile ya basi. Tanzania tuna Sheria ya Watu wenye Ulemavu Na. 9 ya 2010, ila gari la namna hiyo hutalikuta Igoma likisubiri. Inabidi ulijenge mwenyewe, na chombo kinachofaa ni bajaji.

Bajaji kwa sababu sakafu yake iko chini na ubavu wake uko wazi. Haisi ina ngazi ya juu, mlango wa kusukuma usiokaa wazi vizuri roda zikichakaa, na konda anayehesabu sekunde. Kumhamisha mgonjwa kunakwenda hivi. Sogeza kiti cha magurudumu kiangalie bajaji kwa mshazari, upande wenye nguvu wa mgonjwa ukiwa karibu na bajaji. Funga breki zote mbili. Toa vikanyagio kabisa, kukunja peke yake hakutoshi, kwa kuwa ndivyo vinavyochana miguu. Mfunge mkanda mpana au kanga iliyokunjwa kiunoni na umshike hapo. Kumvuta kwapa aliyepooza upande mmoja kunaweza kulitegua bega. Atangulie kukaa kitako, kichwa kikiwa kimeinamishwa kisigonge bomba la paa, ndipo umuingizie miguu, mmoja mmoja. Dereva akae kwenye usukani na kubana breki muda wote huo. Kiti kikunjwe na kufungwa nyuma kwa mpira wa baiskeli, mizunguko miwili, magurudumu yakiwa yamefungwa pamoja, na vikanyagio uvishike mwenyewe ndani. Vikianguka njiani, havirudi.

Kinachoharibika mara nyingi si kuhamisha, ni ahadi. Dereva wa bajaji anaahidi kuja saa 1 asubuhi, akipata kichwa cha kwenda uwanja wa ndege saa 12:40 anakichukua. Hapa ndipo ujuzi wa ughaibuni unafaa, na hauhitaji mtambo wowote. Mashirika mengi ya kule hayakupi dakika kamili, yanakupa dirisha, mara nyingi nusu saa, na gari likifika linakusubiri dakika tano tu. Wanaokwenda kusafishwa damu au kliniki ya kila wiki wanapewa nafasi ya kudumu, hawapigi simu kila siku. Kubaliana hivyo hivyo na dereva wako, kwa maandishi, hata ukurasa mmoja wa daftari: siku gani, dirisha kuanzia saa 12:45 hadi 1:15, bei ya kwenda, bei ya kurudi, bei ya kila nusu saa ya kusubiri hospitali. Andika na jina la dereva wa akiba, aliyechaguliwa na dereva mwenyewe kutoka kijiwe chake, maana yule atamuonea haya mwenzake kuliko wewe. Ukivunja safari usiku uliotangulia hulipi. Ukivunja yuko mlangoni, unalipa nusu. Lipa kila wiki. Ukitoa fedha ya mwezi mzima mbele, utamtafuta.

Wa milimani wana tatizo lililotangulia hilo. Nyumba nyingi za Igogo, Mabatini na Bugarika ziko juu ya mawe na gari haliziendei, kwa hiyo safari inaanza kwa kubebwa. Kiti cha plastiki chenye mikono, watu wawili, mmoja mbele akishuka kinyumenyume, ni salama kuliko kumbeba mgongoni kwenye mawe yaliyoloa. Waweke vijana hao kwenye mkataba pia, na bei yao.

Ukilazimika kutumia haisi, pandia mwanzo wa ruti, kati ya saa 4 na saa 6 mchana, na uchukue kiti kilicho karibu na mlango. Cha mbele pembeni ya dereva kina heshima lakini kiko juu, na katikati pana joto la injini. Kiti cha magurudumu kikichukua nafasi ya mtu, kilipie kama mtu na useme hivyo mapema. Konda akishajua hesabu yake haijaguswa, mara nyingi yeye mwenyewe ndiye anayekushikia mgonjwa, na "pole mayu" (pole mama, kwa Kisukuma) juu yake.

Kwa safari za nje ya mji: Nyegezi ni ya kusini na magharibi, Shinyanga, Dodoma, Dar es Salaam, Geita, Bukoba. Nyamhongolo ni ya Musoma na Sirari. Teksi inayokupeleka stendi ya zamani ya Buzuruga kwa mazoea itakulipisha mara mbili. Marufuku ya mabasi kusafiri usiku iliondolewa 2023, kwa hiyo gari linaweza kukushusha Nyegezi saa 9 usiku. Ukiwa na mizigo subiri ndani ya stendi kupambazuke, daladala zinaanza mapema. Na aliyeondoka akiacha foleni ya kivuko Kigongo asibebe tena chakula cha kusubiria: Daraja la J.P. Magufuli, kama kilomita 3 kutoka Kigongo hadi Busisi, lilifunguliwa tarehe 19 Juni 2025, na maji yale yanavukwa kwa dakika chache.

Ukerewe bado ni mahesabu. Kwa meli hadi Nansio unakaa ziwani saa kadhaa lakini mgonjwa anahamishwa mara mbili tu, kupanda na kushuka. Kwa barabara ya Bunda na Kisorya, kisha kivuko hadi Rugezi, ukitumia magari ya abiria utabadili chombo mara nyingi zaidi, na kila kubadili ni breki, vikanyagio na kanga upya. Mwenye kiti cha magurudumu achukue meli, afike bandarini kabla foleni ya mizigo haijaanza kusukumana kwenye ngazi.