Kete za bao zilivyonipa takwimu za pweza

Niliambiwa na mtu niliyemwamini nichape dodoso, na swali kuu liwe "kuna uwezekano wa asilimia ngapi?" Nilitii, wiki mbili zikapotea bure. Naandika haya ili mwanafunzi mwingine asipitie huko.

Nilikuwa natengeneza modeli ya pweza wa mwamba mmoja kusini mwa Unguja, uliofungwa miezi mitatu ili pweza wakue. Pweza haishi sana, mwaka mmoja au zaidi kidogo, na jike hutaga mara moja tu, akalinda mayai bila kula mpaka anakufa. Kumbukumbu za mavuno zilikuwa chache mno. Ikabidi nianze na makadirio ya wajuzi, yaani wanaoshuka pwani kila bamvua, kuhusu uzito wa pweza watakaopatikana mwamba ukifunguliwa, halafu modeli ya Bayes, njia ya takwimu inayoanza na makisio, iyarekebishe kadiri vipimo vinavyoingia.

Dodoso halikufua dafu. Niliwakusanya watu kumi na wawili barazani. Mzee anayeheshimiwa akasema "hamsini," basi wote wakafuata hamsini. Wanawake hawakusema neno, nao ndio wanaoijua pwani ile pango kwa pango. Bibi mmoja alinivuta kando: "Mwanangu, asilimia ni mambo ya benki. Ya baharini anayajua Mungu."

Jioni ile nilikuwa natazama watu wakicheza bao, nikaona jibu liko mbele yangu. Kila safu ina mashimo manane. Shimo la kwanza nikalifanya la pweza wa chini ya nusu kilo, la pili nusu hadi kilo moja, na kuendelea hivyo kwa nusu nusu. Kila mtu nikampa kete ishirini azigawe: panapoelekea zaidi aweke nyingi, pasipowezekana aache patupu. Kete moja ni asilimia tano, lakini hesabu hiyo ni yangu mimi, yeye haimhusu. Bao niliazima, komwe, ndizo kete zenyewe, nikapewa. Gharama kubwa ilikuwa nauli ya daladala na kahawa.

Mwanzoni nilitumia safu ya mbele, yenye nyumba, lile shimo maalumu linalowekwa kete nyingi. Babu wa kwanza, mchezaji hodari, mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye nyumba, akaijaza. Nikahamia safu ya nyuma. Na kabla ya kete, uliza mdogo kabisa anayemtarajia, kisha mkubwa kabisa. Ukianza na "wa kawaida" mtu hung'ang'ania hapo hapo.

Safari hii nilimfuata kila mmoja peke yake, ndipo nikawakutanisha wajadiliane, kisha kila mtu akagawa tena peke yake. Kwenye mjadala tukagundua wengine walikuwa wanafikiria msimu wa kusi, wengine wa kaskazi. Pia niliwauliza wote kuhusu bamvua iliyopita, ambayo mnunuzi alikuwa ameiandika daftarini. Waliokaribia daftari niliwapa uzito zaidi kwenye modeli.

Yule bibi wa benki alinipa vilima viwili: kete nyingi shimo la pili na la tatu, nyingine la sita na la saba, katikati patupu. Nikashauriwa nivisawazishe, eti amekosea. Nilikataa, nikarudi kwake.

"Shikamoo bibi. Mbona katikati umeacha?"

"Marahaba. Umeniuliza mwamba, hukusema mwamba upi. Hawa ni wa juu, maji yakipwa tunawafuata kwa miguu. Hawa ni wa ukingoni, wanangu wanawazamia."

Nilikuwa nimechanganya sehemu mbili kana kwamba ni moja. Nikaigawa modeli usiku huo huo.

Siku ya kufungua mwamba nilikaa ufukweni na mizani tangu maji yalipoanza kupwa. Bibi akapanda na ndoo yake, akanyanyua pweza mmoja mbele yangu.

"Huyu mtie shimo la tatu."

Nikampima. Kilo moja na robo.