Ngoja nikuitie mama

Ile siku ya posho nilikuwa nyuma ya nyumba nageuza sambaza mu mafuta, telefone nilikuwa nimeiacha mu salo, binti yangu wa miaka saba anaangalia katuni, mara nikasikia anaongea. Nikazani ni papa yake, juu papa yabo anafanyaka kazi Kamituga na kawaida siku ya posho anaita saa ile ile. Nikamaliza sambaza zangu bila haraka. Kuingia ndani, mutoto ananiambia na uso ya furaha kabisa, "Mama, kuko papa moja alipiga, iko muzuri sana, aliniuliza maswali na nikajibu yote."

Nikamuuliza maswali gani. Jina lake. Jina ya mama. Kama papa iko nyumbani, na yeye akasema hapana, papa iko Kamituga, anarudi mwisho wa mwezi. Munaikalaka wapi, na akaeleza vizuri sana, hapa Kadutu, ukipita kanisa unashuka ngazi, nyumba yenye mulango ya buluu. Anasoma masomo gani, klasi ya ngapi, nani anaenda kumuchukua saa sita. Kama mama anawekaka feza ku telefone.

Nikaikala chini. Nikarudilia ile namba, haipatikani, na mpaka leo haijapatikana tena. Usiku ule nililala na taa ya solere ikiwaka.

Sikumupiga wala sikumukaripia, juu kila nilipowaza niliona mutoto hakukosa kitu. Alifanya vile vile tulimufundisha tangu alianza kusema: mukubwa akikusalimia unaitika, mukubwa akikuuliza unajibu, unajibu vizuri, haugeuke uso. Hapa Bukavu mutoto mwenye hajui kujibu mukubwa banasema hana bazazi. Basi sisi wenyewe njo tulimutengeneza vile, alafu tukamupa telefone mu mikono, na mu telefone muko bakubwa ba dunia yote.

Njo maana nikisoma mashauri ya kulinda batoto ku intaneti naonaka inanipita kando. Banasema weka telefone ya mutoto hivi, funga kompyuta ya mutoto hivi. Lakini kwetu telefone ya mutoto haiko. Kuko telefone ya mama, moja, yenye papa anaitaka, yenye feza ya sokoni inapitia, yenye grupi ya kanisa na grupi ya bazazi ba klasi, na jioni kama umeme umerudi na mega zimebaki, njo inakuwa ya katuni. Mutoto anashika maisha ya nyumba nzima mu mukono moja. Kwa hiyo kazi ya kwanza siyo programu, ni mazungumuzo.

Nilianza vibaya. Nilimuambia binti, "usiongee na mutu haumujui." Kesho yake tukapita Nyawera, mama moja muuza matunda akamusalimia, mutoto akafunga kinywa, na mama mukwe, koko wa batoto, alikuwa na sisi. Ku nyumba akaniita pembeni. "Mwanangu, huyu mujukuu wangu munamufundisha kiburi?" Nikamueleza habari ya simu. Akasema ni sawa, lakini mutoto hawezi kunyamazia mukubwa. Nikamuambia, "Mama, zamani mukubwa akiuliza mutoto uko wa nani, alikuwa amesimama mbele yake, mutoto anaona uso, bajirani banaona, na jioni wewe ukisikia unajua ni mutu wa avenue gani. Huyu wa telefone hana uso, hana avenue."

Koko akanyamaza kidogo. Alafu akaanza kutueleza vile mama yake alikuwa anamutuma sokoni, feza imefungwa ku kona ya kitenge, na kumuambia njiani salimia kila mutu, lakini usiseme umebeba ngapi, usiseme nani amekutuma, na usiseme nyumbani nani amebaki. Kumbe tulikuwa nayo tayari! Sisi bantu ba Kivu, na yote tumepitia, hatuhitaji mugeni atufundishe kwamba kutangaza mahali uko na nani amebaki nyumbani inaweza kukuletea shida. Bazazi betu balijua. Sisi tulisahau tu kuingiza ile akili mu telefone.

Na koko njo alitupatia ile neno. "Asinyamaze, kunyamaza njo kiburi. Aseme: ngoja nikuitie mama."

Maneno tatu, na heshima yote iko ndani. Mutoto amejibu, amejibu vizuri, na hajatoa kitu. Tukaanza kuicheza. Mimi najificha nyuma ya rido, nabadilisha sauti, nakuwa papa wa kampuni ya simu, nakuwa tantine wa mbali, nakuwa mwalimu mupya, nakuwa mutoto wa miaka nane mu mchezo ya telefone mwenye anauliza "uko unaikala wapi, nitumie foto yako." Kila mara jibu ni moja. Na hata kitinda mimba wa miaka ine sasa anaijua, anaisema mbio mbio bila kupumua. Kitu nimejifunza: mutoto mudogo ukimupa sheria kumi anashika moja ao hakuna, lakini ukimupa sentensi ya kusema na mudomo yake, saa ya hofu inatoka yenyewe. Ukimuambia tu "uwe muangalifu" haumupi kitu cha kufanya.

Sasa upande wangu, na hii iliniuma zaidi.

Mutoto wangu mukubwa, wa miaka kumi, mwaka juzi mu proklamasio ya mwezi wa saba alipata 54%. Nilikuwa na huzuni, nikapiga foto ya buletini yote, majina yake yote tatu, masomo, klasi, tarehe ya kuzaliwa, nikaweka ku statu na maneno "munisaidie kumuombea huyu mutoto." Nilizani ni maombi. Mwezi wa tisa masomo yalipoanza, siku ya kwanza, alirudi na macho nyekundu. Mama wa mutoto moja wa klasi yake aliona statu, mutoto naye akaona, klasi yote ikajua. Hakunilalamikia sana. Aliniambia tu, "Mama, ile buletini ilikuwa yangu."

Sikuwa na jibu. Niliomba musamaha. Najua kuko bazazi hapa habakubali muzazi kuomba mutoto musamaha, mimi nilimuomba, na naona tangu siku ile njo alianza kunionyesha mambo yake.

Usiku ule nilifungua repertwari yangu nikahesabu namba 412. Muko fundi wa maji alikuja mara moja, muko motari watatu, muko bwana nyumba wa zamani mwenye tuligombana, muko bantu sikumbuki hata uso. Statu ya WhatsApp inaisha saa 24, ndiyo, lakini mutu kupiga foto ya ekra ni sekunde moja, na ile haiishe. Ingia mu parameta, sehemu ya faragha, kwa telefone nyingi za hapa imeandikwa konfidansialite, utaona statu unaweza kuifungulia kontakti zote, ao zote isipokuwa fulani na fulani, ao bale tu umechagua. Mimi nilichagua bantu 17. Pale pale unaweza kufunga foto ya profili ionekane tu na bale uko nabo, na unaweza kuzuia bantu habako mu kontakti zako kukuingiza mu grupi. Dakika tano, hakuna feza inalipwa.

Na kamera yenyewe, angalia. Kama lokalizasio imewaka, telefone nyingi zinaandika ndani ya foto mahali ilipigwa, kwa namba za ramani kabisa. Ukituma kama foto ya kawaida ku WhatsApp kwa kawaida ile inaondolewa, lakini ukituma kama dokima inabaki nayo. Nilizima ile ya kamera. Na foto ya nguo ya masomo, hata bila ramani, jina la masomo liko ku kifua. Siku hizi nakata foto ao naacha.

Sheria mupya ya nyumba yetu ni hii: kabla mama hajaweka foto ya mutu, anamuuliza mwenye uso. Hata wa miaka ine. Namuonyesha foto na kuuliza, koko aione? Shangazi wa Uvira aione? Bantu bote baone? Mara nyingi anasema "koko tu", na mimi natuma kwa koko tu, hata kama foto ni nzuri sana na moyo unataka kuionyesha dunia. Ni pale mutoto anajifunza kwamba kuko vitu vyake na kwamba neno lake la hapana linasikiwa. Mutoto mwenye hapana yake haikusikiwa na mama, ataisema kwa mugeni na nguvu gani?

Yule mutoto wangu mukubwa naye alikuwa na yake. Nilikuta amefungua akaunti ku telefone ya yaya yake, mutoto wa shangazi, na ameandika alizaliwa 2000. Nikamuuliza kwa nini, akasema "bila vile inakataa." Ni kweli, TikTok, Facebook, Instagram, WhatsApp, zote zinaomba miaka 13. Ile 13 ilienezwa zaidi na sheria moja ya Marekani ya 1998 yenye inakataza kukusanya habari za mutoto chini ya miaka 13 bila ruhusa ya bazazi. Basi ukidanganya umri haufungui mulango tu, unaondoa ulinzi wako, juu kuanzia pale ile mashine inakuona mwanaume muzima, inakuletea video za bakubwa na publisite za bakubwa na inaruhusu bakubwa kukuandikia. Alishituka. Nilimueleza pia kwamba 2019 Google na YouTube balikubali kulipa dola milioni 170 kule Marekani juu ya kukusanya habari za batoto benye banaangalia video, bila kuuliza bazazi. Akaniuliza, "habari zangu ni feza, mama?" Nikamuambia ndiyo, ni feza, kile unaangalia, saa ngapi unalala, nini inakuchekesha. Alikaa anawaza muda murefu. Tukafuta ile akaunti pamoja.

Na sheria kwetu Kongo iko pia, bantu wengi habajui. Kuko sheria namba 09/001 ya tarehe 10 mwezi wa kwanza 2009 juu ya ulinzi wa mutoto, na kuko Kodi ya Numeriki (Code du numérique, ni sheria, siyo kodi ya kulipa) ya tarehe 13 mwezi wa tatu 2023 yenye inazungumuzia data za bantu. Na ile mapatano ya umoja wa mataifa juu ya haki za mutoto, inchi yetu iliikubali 1990, kifungu cha 16 kinasema mutoto ana haki ya maisha yake ya siri. Mutoto, siyo tu mukubwa.

Kodi za telefone sasa, zile namba za siri zenye zinaingia ku mesaji, kwa haraka juu hii inaumiza bantu kila siku. Jirani yangu alipoteza WhatsApp yake juu mutoto alisomea mutu mesaji ya namba sita. Mutu anaweka WhatsApp ku telefone yake na namba yako, WhatsApp inatuma kodi ku SIM yako, anaita kwa sauti tamu, "mutoto, nisomee ile namba imeingia," mutoto anasoma, na akaunti imekwenda. Saa moja baadaye bandugu bote banapata mesaji "nisaidie na dola 50." Weka verifikasio ya hatua mbili, ile pini yako mwenyewe ya namba sita, na ambia mutoto: namba zenye zinaingia ku mesaji tunazichukua kama ufunguo ya nyumba.

Kuko jambo moja nataka kusema polepole. Tukifundisha mutoto kuficha, tuangalie asielewe vibaya. Kuko vitu vya nyumba yetu havitoke inje, sawa. Lakini mutu akimuambia mutoto "hii ibaki kati yetu, usiambie mama," ile siyo faragha, ile ni mutego, na inafaa ikuje kwa mama siku ile ile, hata kama mutoto alikuwa amekosa, hata kama alikuwa ametuma foto, hata kama alikuwa ameiba telefone usiku. Niliwaahidi batoto bangu bote batatu kwamba habari ya namna ile haitapigiwa fimbo ku nyumba hii. Naishika ile ahadi na meno.

Juma iliyopita telefone ikalia, namba haijulikani, rezo mubaya, sauti inakatika katika. Binti akashika. Nikamusikia anasema, "Ngoja nikuitie mama." Sauti ikasema kitu. Akasema tena, "Hapana, papa yangu iko na namba yake, na haiko hii. Kama ni wewe kweli utangoja." Alikuwa ni papa yake, telefone yake imezimika, ameazima ya mwenzake. Nikakimbia na mikono ya unga wa bugali. Alikuwa bado ku laini, anangoja.