Riwaya ya nyumba ya Ngamiani: ripoti ya mhariri imefika, sura zinahama

Mswada umerudi jamani. Kwa wageni, riwaya inahusu nyumba ya bibi Ngamiani, Tanga, bibi kafariki, msimulizi ni Mwanaidi mjukuu wake aliyemuuguza. Mhariri hajagusa hata koma, kaandika barua ndefu tu na karibu yote ni maswali: hii hadithi ni ya nani, Mwanaidi anataka nini haswa, akikikosa inakuaje, na kwanini msomaji asubiri mpaka sura ya saba ndo ajue baba mdogo anaiuza nyumba?

Watu wengi ukiwaambia mswada uko kwa mhariri wanawaza tahajia na r na l. Hiyo kazi ipo na naiheshimu ila zamu yake ni mwisho, uhariri wa muundo unatangulia maana huwezi kukaa unanyoosha sentensi za sura ambayo huenda ikafutwa yote.

Mfano ninaoupenda sana ni Harper Lee wa Marekani. 1957 alipeleka mswada kwa wachapishaji J. B. Lippincott, habari za mwanamke mtu mzima anatoka New York kurudi kwao Alabama. Mhariri wake Tay Hohoff akaona penye uhai ni pale anapokumbuka utoto, Lee akaandika upya zaidi ya miaka miwili, 1960 ikatoka To Kill a Mockingbird. Ule mswada wa mwanzo nao ulichapishwa 2015, Go Set a Watchman, kwahiyo ukivisoma vyote viwili unaiona kabisa kazi ya mhariri wa muundo ni ipi. Kila neno ni la Lee, Hohoff alimwonyesha hadithi yake imekaa wapi.

Basi nimechukua daftari, kila sura nimeipa mstari mmoja: nani anataka nini na ikiisha nini kimebadilika. Sura za mkonge, ujana wa bibi shambani, hazibadilishi kitu pale zilipo, nimezikata vipande na kila kipande kitaingia pale Mwanaidi anapokihitaji. Sura ya kwanza sasa watu bado wamekaa matanga na kuna mtu uani anapima kiwanja kwa futi. Swali la anataka nini ndo limenifungulia mlango mkubwa, kwasababu baba yake Mwanaidi alifariki kabla ya bibi na kwenye mirathi ya Kiislamu mjukuu hana fungu wakati baba mdogo yupo hai, njia pekee ni wasia, na wasia mwisho wake theluthi ya mali. Kwahiyo anatafuta wasia! Kabla ya hapo alikua analia tu sura nzima nzima.

Kuna pendekezo moja nimelikataa, kuunganisha mashangazi wawili wawe mmoja. Mtoto wa kiume anapata mara mbili ya wa kike, babu alishatangulia zamani, kwahiyo mashangazi wawili kwa pamoja wana nusu sawasawa na baba mdogo, na ugomvi wote wa katikati ya kitabu umesimama kwenye hiyo nusu kwa nusu. Nimemwandikia mhariri hesabu yote, kakubali, ila kasema basi kila shangazi awe na sababu yake ya kutaka au kutotaka kuuza. Ana haki. Wa mdogo ninaye tayari, ana deni la vikoba, huyu mkubwa ndo naanza naye kesho.