Siku hizi geti nafungua saa kumi jioni

Mama yangu alikuja mwezi wa sita kutokea Bahi, alikuja kwa ajili ya macho, mpango ulikuwa apimwe hapa Dodoma mjini akae wiki moja arudi ila akaishia kukaa wiki sita. Siku ya tatu natoka kazini jioni namkuta amekaa kwenye kigoda karibu na bomba, mlango wa sebuleni uko wazi, anamwangalia mwanangu wa miaka saba kajilaza kwenye kochi na simu ya dada iko juu ya kifua inaonyesha katuni. Hata shikamoo yangu aliitikia nusu. Akaniuliza, "Mwanangu, huyu mtoto anaumwa nini?"

Nikamwambia haumwi mama, katoka shule anapumzika. Akasema, "Tangu saa tisa na nusu anapumzika? Kwetu mtoto akitulia hivi tulikuwa tunamshika shingo tuone kama ana homa."

Lile neno lilinikaa usiku kucha. Maana ukweli ndo huo, basi la shule linampitia saa kumi na mbili kasoro robo bado giza, anarudi saa tisa na nusu, anakula, anafanya homuweki na dada, halafu TV au simu mpaka anasinzia. Jumamosi tyusheni. Tunakaa Ilazo, tumehamia mwaka juzi na nilikuwa naipenda sana nyumba yetu, fensi ndefu, geti la chuma, uwanja wote pevingi ili tusiingize vumbi ndani, na vumbi la Dodoma upepo ukishaanza mwezi wa sita mnalijua. Nikawa naona mtoto yuko salama, yuko msafi, basi kazi ya mzazi nimeimaliza. Kumbe wakati huohuo mwalimu wake ameshaniandikia mara mbili kwenye daftari kwamba hatulii darasani, anageukageuka, anachezea penseli, na mimi nikaenda kumwongezea saa moja ya tyusheni. Yaani mtoto mwili unamuwasha kwa kukaa, mi nikazidi kumkalisha. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho yake mama akachukua kijiko akaenda pale kwenye mpapai, ndo sehemu pekee uwanjani kwangu ambayo mafundi waliacha udongo, akachimba kashimo saizi ya bakuli la uji, akamwagia maji kidogo akasawazisha kingo kwa kiganja. Akatoka nje kwenye kokoto za jirani anayejenga, akaokota vijiwe 12 vinavyolingana na kimoja cha mviringo cha kurushia. Mdako huo. Mi mwenyewe nilikuwa nimeusahau kabisa, nilipoona vile vijiwe vimelala shimoni nikakumbuka mpaka harufu ya mchanga wa korongo la kwetu wakati wa kiangazi, tulikuwa tunacheza pale mpaka mtu anakuja kutufukuza na fimbo.

Kwa ambao hawajawahi, unarusha kile cha mviringo juu, kabla hakijashuka unakwangua vijiwe kutoka shimoni kwa mkono uleule, unadaka. Unarusha tena, unarudisha vyote unabakiza kimoja nje, hicho ndo chako. Ukidondosha ni zamu ya mwenzio. Siku ya kwanza mwanangu hakudaka hata mara moja, anarusha jiwe linaishia kwenye mpapai, anarusha tena anafumba macho, anakasirika anataka kwenda ndani. Miaka saba, anajua kutafuta katuni kwenye simu bila msaada wa mtu, ila jicho na mkono walikuwa hawajawahi kufahamiana. Mama hakumcheka wala hakumsifia uongo. Alimshika mkono akamwambia, "Usiangalie mkono, mkono unajua njia. Angalia jiwe."

Siku ya nne akadaka. Na siku hiyohiyo nikiwa nachambua mchicha pale mlangoni nikamsikia anaongea peke yake, "nikitoa vitatu nirudishe viwili, nikitoa vinne nirudishe vitatu, zamu hii natoa viwili tu maana viko mbalimbali". Hesabu za kutoa zilezile anazolia nazo mezani kila jioni. Pale shimoni hakuna aliyemlazimisha, anazitafuta mwenyewe maana anataka kumfunga bibi.

Usiku nikakaa nikasoma. Shirika la Afya Duniani linasema mtoto wa miaka 5 mpaka 17 anatakiwa kwa wastani dakika 60 kila siku za kuchangamsha mwili kiasi cha kuhema, na angalau siku 3 kwa wiki ziwemo zile za kuimarisha misuli na mifupa, kuruka, kukimbia, kupanda. Wa miaka 3 na 4 ndo usiseme, dakika 180 kwa siku, na humo ndani 60 ziwe za kukimbia kwelikweli, na skrini isizidi saa 1. Mimi nina mmoja wa miaka saba na mmoja wa mitatu, nikapiga hesabu ya siku yao, nikakuta huyu mkubwa kutembea kwake kote ni kutoka getini mpaka kwenye basi. Na mfupa haungoji jamani, huu umri wa utotoni mpaka ujana ndo mwili unaweka akiba ya mifupa, na kinachouamsha mfupa ni ule mshindo wa kuruka na kutua. Kamba ya katani ya elfu moja inatosha kabisa.

Kuna kitu kingine nilikuja kukijua kule kwenye macho ya mama. Yeye ana shida ya vikope, trakoma, ugonjwa ambao sisi watu wa Dodoma tunaufahamu sana, kule Kongwa umefanyiwa utafiti miaka mingi. Unakupata utotoni, unarudia na kurudia mpaka kope kwa ndani zinapata makovu, ukifika utu uzima nywele za kope zinageuka ndani zinakwaruza jicho. Unaenezwa na mikono, na vitambaa vya kufutia uso, na nzi wanaotua kwenye uso wenye makamasi na tongotongo. Sasa mimi kichwani nilikuwa nimejijengea kwamba vumbi na kucheza nje ndo vimemharibia mama macho. Daktari akaniambia hapana, kinachokinga ni uso msafi, maji, choo na mazingira kuwa safi, mtoto mwache acheze akirudi anawe uso kwa maji safi na kila mtu awe na taulo lake. Akaongeza kwamba mwanga wa nje ni mzuri kwa macho ya mtoto, wanaokaa sana nje wana nafasi ndogo ya kupata tatizo la kutoona mbali. Basi pale bombani kukawekwa sheria moja tu, ukitoka kucheza unanawa uso kabla hujagusa kitu, na bibi mwenyewe ndo msimamizi.

Wiki ya tatu mama akasema mdako wa watu wawili unachosha, fungua geti. Nikasitasita kwa kweli. Pikipiki, magari, watu usiowajua. Pembeni yetu kuna kiwanja hakijajengwa, kimejaa mbigili na vipande vya chupa. Jumamosi moja mimi na majirani wawili tukaingia na majembe na reki, tukatoa chupa tukang'oa mbigili, asubuhi moja ikatosha. Tukakubaliana kuanzia saa kumi mpaka saa kumi na mbili kila siku mtu mzima mmoja anakaa pale na kiti chake, anaweza kuwa anachagua mchele au anasuka, ila yupo.

Wale watoto walitoka wapi mi sijui! Nimeishi pale miaka miwili nilikuwa najua watoto wanne, siku ya kwanza walikuja 13. Rede ikaanza. Mpira wa soksi, zamani sisi tulikuwa tunajaza nailoni ila mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku mwaka 2019, hivyo wao wanajaza matambara na sponji la godoro na unaruka vizuri tu. Wawili wanarusha huku na huku, wa katikati anajaza chupa mchanga huku anakwepa. Ukimwangalia mtoto wa katikati kwenye rede unaona kila kitu kinafanya kazi kwa pamoja, anainama, anachota, anasikiliza mpira uko upande gani, anageuka, anaruka, anarudi kwenye chupa, hapo mtu kashampigia kelele kashamchanganya. Dakika kumi za hivyo mtoto jasho linamtiririka na anacheka. Jioni kigiza kikianza kuingia wanahamia kombolela, mmoja analinda kopo wengine wanajificha, na yule wa mwisho akitoka mbio akalipiga teke kopo basi wote waliokamatwa wanakuwa huru. Nimeona mtoto mpole kabisa, ambaye hata salamu anakuitikia kwa kunong'ona, anatoka nyuma ya tofali anakimbia kama upepo kwenda kuwaokoa wenzake na wote wanaliita jina lake.

Siku ya ugomvi ndo sitaisahau. Mpira uligusa gauni la binti wa jirani, nusu wanasema katoka, nusu wanasema gauni sio mtu. Wakashikana, mmoja akaanza kulia, mwanangu akasema "basi mi sichezi" akabeba chupa akaondoka nayo. Mi nikainuka kwenye kiti. Mama akanivuta mkono, akasema "Kaa." Nikakaa roho inadunda. Ikapita kama dakika kumi ya kelele, halafu mmoja akasema tufunge gauni kwa fundo, mwingine akasema nguo ikiguswa unarudia lakini mara moja tu, wakabishana tena kuhusu hiyo mara moja, wakakubaliana, na mwanangu akarudisha chupa. Hakuna mtu mzima aliyeamua. Niulize mimi ofisini watu wazima tumeshindwa mara ngapi kufika pale walipofika wale watoto.

Ila kuna jambo lilinikera na nalisema wazi. Ikifika saa kumi na moja utasikia majina yanaitwa kutoka majumbani, na yote ni ya mabinti. Njoo uoshe vyombo, njoo umbebe mdogo wako, njoo uchote maji. Kaka zao wanaendelea kucheza chandimu mpaka giza. Mifupa ya binti nayo inajengwa umri huuhuu, mapafu yake ni yaleyale, na yeye ndo atakuja kubeba mimba kwa huo mwili. Nilikwenda kwa jirani mmoja nikamwambia taratibu, dada yangu vyombo havikimbii, mwache binti mpaka saa kumi na mbili halafu kaka na dada waoshe pamoja. Alikaa kimya kidogo, akakubali. Mwingine alikataa, ntarudi tena.

Na hii habari ya kusema michezo ni kupoteza muda, Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika kwenye orodha ileile yenye chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Orodha moja. Kwa hiyo inaniumiza sana ninapoona shule ambayo uwanja wake umeliwa na maegesho ya mabasi, au mtoto kashindwa kuandika anaadhibiwa kwa kunyimwa mapumziko, yaani yule ambaye hawezi kukaa ndo unamzuia asikimbie. Tyusheni ya ile saa moja niliifuta mwezi wa saba. Mwalimu hajaandika tena kwenye daftari kuhusu penseli, mtoto analala saa mbili na nusu bila kubembelezwa na ubwabwa anaomba nyongeza.

Mwezi wa tisa mwaka 2025 Alphonce Simbu, huyu wa Ikungi hapo Singida jirani zetu, alipochukua dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia kule Tokyo, yeye na Mjerumani muda wao ukawa uleule saa 2 dakika 9 na sekunde 48 mpaka ikabidi picha ya mwisho iamue, watoto wa kiwanjani wiki nzima walikuwa wanazunguka mtaa kila mtu ni Simbu na kila mtu anarusha kifua mbele pale kwenye nguzo ya umeme. Sina ndoto ya kumfanya mwanangu mwanariadha. Nilifurahi tu kwamba alipoiona ile mbio kwenye TV alitoka nje kuijaribu.

Sasa kile kiwanja kina mwenyewe, wiki iliyopita ameshusha mawe ya msingi. Ni haki yake. Tangu serikali ilipohamia huku viwanja vinajaa kila mwaka, kila palipokuwa wazi panaota fensi, na mimi mwenyewe nilijenga bila kujiuliza watoto wa mtaa watakimbilia wapi. Tumeenda akina mama watano kwa mwenyekiti wa mtaa kuomba kuona ramani, tujue eneo la wazi la mtaa wetu lilipangwa wapi na kama bado liko wazi. Ametuambia turudi Alhamisi.

Mama amesharudi Bahi, macho yametibiwa. Vile vijiwe viko kwenye kopo la siagi dirishani. Juzi usiku mwanangu akaomba simu, nikajua katuni, kumbe anataka kumpigia bibi. "Bibi nimetoa vitano kwa mara moja na sijadondosha!" Bibi akamuuliza, "Ukarudisha vingapi?" Akajibu vinne. Kukawa kimya kidogo upande wa pili, halafu nikamsikia mama anasema, "Haya, Krismasi nakuja, chimba shimo jingine, hilo litakuwa limejaa majani ya mpapai."